Karamu ya Babu

Daria ni shangazi wa mke wangu, na hasemi uongo ila akiulizwa umri wake. Kwa hiyo haya nayatoa kama nilivyoyapokea.

Mwezi wa nane huo, Daria, mumewe Prokopi na Anisim, mdogo wake Daria, walipiga hema huko juu kwenye mto Olekma, wachume matunda ya mwituni kabla ya baridi. Siku ilianza vizuri tu. Daria alichoma samaki mbali na hema. Mifuko ya chakula ikapandishwa kwenye dungu kati ya miti miwili, magome yakiwa yamebanduliwa ili makucha yateleze. Mikono ikaoshwa kwa majivu. Kila alipoingia vichakani aligonga sufuria, maana dubu hapendi kushtukizwa. Ila neno hilo, dubu, halikumtoka mdomoni. Kwetu msituni ni Babu, na Babu anasikia.

Taabu ilikuwa Anisim. Theluji ilipoanza kuyeyuka walikuwa wameua dubu, wakagombana yeye na Prokopi kuhusu risasi ya nani iliyomwangusha. Kwenye karamu ya nyama yake kila mlaji alijipaka masizi usoni akalia kama kunguru, "Kuk! Kuk!", ili Babu aamini kwamba waliomla ni kunguru, si watu. Kisha mifupa hufungwa kwa fito za mtoni, bila kuvunjwa hata mmoja, na kuwekwa juu ya dungu. Zamu ya Anisim ya kulia ilipofika, akafuta masizi.

"Kunguru gani, Babu? Nimekuua mimi, Anisim. Njoo unitafute."

Alisema hivyo akimkodolea macho shemeji yake. Wazee wakaacha kutafuna.

Sasa ile mifupa ilikuwa ng'ambo ya kilima, si mbali na hema lao, na ndiyo sababu hasa Daria alichagua mahali pale.

"Twende tukaombe msamaha," akamwambia mdogo wake walipokuwa wakila samaki. "Maneno mawili tu, yaishe."

"Dada, nikaiombe radhi mifupa?"

"Mwache," Prokopi akadakia. "Akikiri kosa moja, itabidi akiri pia kwamba risasi haikuwa yake."

"Na yako wewe iko wapi? Si iko kwenye shina la mti mpaka leo?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini moyo ulimuuma Daria. Mama yao alipofariki alimwachia Anisim angali ananyonya, na hakuna mwingine aliyemlea.

Mchana ukungu ukashuka, na mvua ikauzima moto. Wakaingia hemani bila kula tena. Mbwa wao, ambaye hubwekea hata panya, alijisukuma chini ya miguu ya Daria akatulia huko, akitetemeka.

Kisha usiku sauti ikatoka upande wa mto.

"Nimekuua mimi, Anisim."

Ilikuwa sauti ya Anisim. Na Anisim alikuwa ameketi ubavuni mwa Daria, mdomo umefumbwa.

"Njoo unitafute."

"Usijibu," Daria akanong'ona. "Lia kama kunguru. Sasa hivi. Nakuomba, mwanangu."

Anisim akafungua mdomo. Daria anaapa mpaka leo kwamba alitaka kulia. Lakini Prokopi akacheka kwa pua.

"Haya, shujaa. Lia tukusikie."

Mdomo ukafungwa. Anisim akachukua bunduki, akatoka.

Walingoja mlio wa risasi. Haukuja. Daria aliinuka amfuate, Prokopi akamdaka mguu, akamwangusha, akamkandamiza chini. Daria alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Prokopi hakumwachia.

"Kuk."

Mlio mmoja, nyuma ya hema.

"Kuk. Kuk."

Sasa pande zote. Sauti nzito, za koo pana. Hawakuwa kunguru. Kilikuwa kitu kinachoiga kunguru, tena vibaya, kama watu wanavyoiga. Na Daria alijua kelele hizo hupigwa wakati gani.

Hajui usingizi ulimchukuaje. Alipofumbua macho, kumekucha na ukungu umeondoka.

Chini ya dungu mifuko yao ya chakula ilikuwa imepangwa, haijafunguliwa. Bunduki ya Anisim ilikuwa kando ya mifuko, risasi zote ndani. Juu ya dungu kulikuwa na mifupa ya mtu, myeupe, imefungwa kwa fito mbichi za mtoni. Hakuna hata mmoja uliovunjika. Mashina yaliyobanduliwa hayakuwa na alama ya ukucha.

Daria hakulia. Alimgeukia mumewe kwa chuki ambayo hakuwahi kujua anayo.

"Ni wewe. Alikuwa anafungua mdomo."

Prokopi alikuwa akimtazama usoni huku akirudi nyuma, na hapo Daria akamwona vizuri na yeye. Mashavu yote mawili yalikuwa meusi kwa masizi, yamepakwa kwa vidole.

"Uso wako," Prokopi akanong'ona.

Daria akajigusa shavu. Kidole kikarudi cheusi. Jivu la moto wao lilikuwa tope tangu jana.

Akajilamba midomo, yeye aliyelala na njaa. Ilikuwa na mafuta.