Bomba la Rangi Nyeusi

Soko la vyuma lilikuwa limefurika, grainda zinalia kila upande na wapagazi wanapiga kelele, "Njia! Njia!" Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja wa ovaroli ya bluu iliyochanika magotini alisimama mbele ya duka la mabomba. Akagonga moja kwa kidole, akatega sikio, akagonga jingine.

"Kaka, hayo si matikiti," binti wa mwenye duka akamwambia.

"Nasikiliza kama yameiva."

Binti alitaka kununa, akashindwa, akacheka. Alikuwa amejifunga kilemba cha njano, na kucha zake zilikuwa na madoa ya rangi nyeusi.

"Nataka alumini ya inchi mbili na nusu," kijana akasema.

"Ipo. Mashine ya kuichomelea unayo?"

"Sina, yangu ni ya chuma tu. Umejuaje?"

"Wenye nayo hawagongi. Wanabeba, wanaondoka."

Kijana, fundi magari, akakuna kichwa. Alikuwa na gari la mteja lenye turbo, akaeleza, ile pangaboi inayosindilia hewa kwenye injini. Hewa ikisindiliwa inachemka, kwa hiyo lazima ipitishwe kwenye kipoza hewa kule mbele ndipo iingie. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mabomba ya kuipeleka na kuirudisha.

"Yaani gari linapuliziwa chai," binti akasema.

"Hapo umenishinda hata mimi niliyesomea! Sasa nishauri. Stenlesi inang'ang'ania joto, siitaki."

"Basi chukua chuma chembamba. Hiki cheusi hakitakuangusha."

Akampa na sumaku akipime. Ikanasa, tap! Fundi akaitazama sumaku, akamtazama binti, naye akabaki ameganda vilevile. Aliondoka na mabomba mawili begani na namba ya simu ambayo aliiandika "Sumaku".

Wiki tatu simu hazikupoa.

"Sumaku wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umekula au umekula moshi?"

"Moshi kwanza. Kona moja naiunga kwa vipande vinane, mpenzi. Sina mashine ya kukunja, nakata kabari kabari kama keki."

"Keki gani hiyo ya chuma? Utavunja meno."

Lakini binti alikuwa mtu wa kutazama, na aliona mambo. Mara mbili alipita karakana mchana, akakuta mlango umefungwa kwa ndani na dirisha limezibwa kwa magunia. Aligonga, asijibiwe, na chini ya mlango mwanga wa bluu unametameta. Mara mbili pia, jioni yake, fundi hakupokea simu. Asubuhi akaja mzima kabisa, anacheka. "Nilijilaza kidogo," akasema. Mtu gani anajilaza saa kumi na mbili jioni?

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya fundi kuonana na baba. Binti alivaa gauni la kijani la mikono mirefu, akapanga vikombe, akakaa. Saa tisa ikapita, kumi ikapita. Baba akanyanyuka kwenye kiti, akaenda zake chumbani. Binti akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Sum... Sumaku..." Meno yalikuwa yanagongana hata maneno hayatoki. "Kazi ya mteja... nimeimaliza leo... nisa... nisamehe..."

"Umelewa?"

"Si... sijalewa..."

"Siku ya kuonana na baba yangu! Usinipigie tena."

Akakata. Siku mbili hakupokea simu yoyote yake. Ya tatu ikaita namba asiyoijua.

"Shemeji, mimi fundi rangi, jirani wa karakana. Njoo hospitali. Mtu wako hapumui vizuri."

Alimkuta amewekewa mpira wa oksijeni puani, midomo imepauka, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa. Daktari alikuwa ameinama juu yake.

"Ulikuwa unachomelea nini?"

"Chuma cheusi," fundi akasema kwa tabu.

"Moshi wake?"

"Mweupe. Vinadondoka vinyuzi kama pamba. Nilidhani rangi inaungua. Jioni natetemeka, asubuhi napona. Nikasema malaria."

"Chuma kitupu hakitoi pamba." Daktari akamgeukia binti. "Dada, wewe unajua lolote? Nisipojua alichovuta, nitamtibu kwa kubahatisha."

Binti akakunja vidole, akaficha kucha. Alijua. Mabomba yale yalitoka kwenye fremu za turubai zilizobomolewa, ya kijivu yenye kumeremeta. Baba alimpa brashi na kopo. "Yapige rangi, binti yangu, yapate sura." Naye aliuliza kwa nini yasiuzwe yalivyo. "Ya zinki mafundi wanayakimbia," baba akajibu, na yeye akachovya brashi. Akisema sasa, amemvua baba nguo hadharani na mchumba hana tena. Asiposema, atamtazama akikata pumzi.

"Ni zinki," akasema. "Ile ya kuzuia kutu. Juu tumepaka rangi."

"Moshi wa zinki ni sumu," daktari akasema akiandika haraka, akatoka kumwita muuguzi. Wakabaki wawili.

"Nani alipaka?" fundi akauliza.

"Mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua mafundi wanayakimbia. Sikuuliza kwa nini."

Fundi akageuzia uso ukutani.

"Upepo ukiingia," akasema, "gesi ya mashine inapeperuka, kiungo kinatoka na matundu, hewa inavuja. Ndiyo maana nilifunga mlango. Nikaziba na dirisha. Nikasema bomba la Sumaku haliwezi kuvuja." Akavuta pumzi fupi. "Halivuji."

Binti akasimama. Machozi yalikuwa yanamchuruzika, na hakuyafuta.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Sina uso wa kukutazama."

"Mengine uliuza kwa nani?"

Akababaika. "Watatu. Fundi mageti, mzee wa vitanda vya chuma, na yule anayetengeneza viti."

"Wapigie. Hapahapa, nisikie."

Fundi mageti alikuwa bado hajayagusa, alishukuru. Mzee wa vitanda alimtukana yeye na baba yake mpaka akamaliza, kisha akasema, "Nakuja hapo dukani kesho, mwambie ajiandae." Binti akajibu, "Sawa, mzee wangu. Nitakuwepo." Fundi alikuwa amefumba macho, lakini alisogeza miguu, kitandani pakapatikana nafasi. Binti akakaa ukingoni.

Simu ya tatu ikaita mpaka ikakatika.

"Piga tena."

Ikapokelewa na mwanamke. "Mume wangu amelala. Ana homa tangu jana, anatetemeka, nimemfunika mablanketi mawili na bado."

"Mama, alikuwa anachomelea?"

"Jana kutwa, kule kwenye chumba chake cha kazi. Wewe nani?"

"Mwamshe, mama. Akigoma mbebeni. Mlete hospitali kubwa, waambie amevuta moshi wa zinki. Nitawasubiri getini."

Akakata simu, akasimama.

"Nenda," fundi akasema. "Ukimaliza, urudi."

"Nirudi kama nani?"

Fundi akamtazama, kifua kikipanda na kushuka.

"Rudi kwanza. Hilo leo sina pumzi nalo."