Rangi Juu ya Boriti Mbovu

Kila baada ya swala ya alasiri, Bwana Jeilani huketi barazani kwake Amu, mjini Lamu, akishona kofia. Zamani mkewe, Bi Alawiya, alimletea kahawa na maneno. Sasa kahawa anajipikia. Maneno hayana wa kuyaleta.

Yalipokuwepo, hakuyasikiliza. Karibu na harusi ya binti yao, Rayyan, alikuwa akizipaka boriti za dari rangi nyekundu na nyeusi, kama ilivyo ada. Alipofika msalani, Bi Alawiya alimzuia.

"Boriti hii yanuka uyoga. Ngoja kwanza tujue ina nini."

"Boriti hii ni mkoko, na mkoko hulala baharini usioze," Jeilani alicheka. "Utaoza kwa maji ya kuogea? Au waogopa wageni watakuja kunusa dari?"

Akapaka. Wageni wakasifu.

Baada ya miezi kadhaa, Bi Alawiya aliingia msalani kutia udhu. Boriti ikakatika ukutani, dari ikamwangukia. Hakupona.

Sasa Rayyan, aliyeolewa Shela, ana mimba ya kwanza. Desturi ni ajifungulie kwao na kukaa huko arubaini. Akaleta ujumbe: "Baba, siwezi kuingia chini ya dari ile."

Jeilani akamwita jirani yake Lubna, anayesimamia ukarabati wa nyumba za wageni. Lubna alidunga bisibisi kwenye kipande cha boriti kilichobaki. Kikamomonyoka kama mkate mkavu.

"Mbona nje ilikuwa nzima?" Jeilani aliuliza.

"Rangi ilificha, na ikafungia maji ndani. Kuvu ndiyo iliyoila. Kuvu hula mbao, lakini haili mbao kavu."

"Na ile ya baharini?"

"Chini ya maji hewa ni haba, kuvu haistawi. Ukutani kwako ilipata maji na hewa. Uliifanyia karamu, Bwana Jeilani."

"Nipake dawa gani?"

"Iliyooza haina dawa. Itoke. Uzibe na ufa wa birika, lile tangi la maji ya kuogea, ndio unaolowesha ukuta. Na kwa kuwa msala haukauki, weka mbao zilizobadilishwa kiwandani. Hutiwa dawa ya jamii ya siki, ikapenya na kushikana na mbao yenyewe. Baada ya hapo mbao hainywi maji mengi."

"Kwa hiyo ina sumu ya kuua kuvu?"

"Haina. Mpe mtu gunia la mchele bila tone la maji. Atalala njaa na chakula kiko mbele yake. Kuvu nayo ni hivyo hivyo. Tena rangi hukaa juu, hii imeingia ndani."

Jeilani aliokota kipande kilichomomonyoka, akakinusa. "Alawiya aliijua harufu ile."

"Aliijua," Lubna alisema taratibu. "Hukumuuliza aliijuaje."

Ufa ukazibwa. Ukuta ukaachwa ukauke. Mbao mpya zikaletwa kutoka Mombasa, na fundi akahakikisha zinaweza kubeba dari. Ncha zake ziliachiwa nafasi ya hewa ukutani. Jeilani hakuzipaka kitu.

Mimba ilipokaribia kutimia, Rayyan alikuja. Alisimama mlangoni mwa msala akiangalia juu kwa muda mrefu. Kisha akaingia. Baba yake alibaki nje, akasikia maji yakimwagika.

Alipotoka, uso ulikuwa umelowa.

"Baba, mama angekuwepo angesema bado mna joto la mvuke humu. Patiwe dirisha."

"Angesema," Jeilani alijibu.

Akavaa viatu, akatoka kumtafuta fundi.