Mgeni Rasmi Hakuja

Mheshimiwa alialikwa saa nne asubuhi, na mpaka saa saba mchana kiti chake kilikuwa bado kitupu.

Kilikuwa kiti cha maana, kimevishwa kitambaa cheupe, kimewekwa mbele ya mlango wa mgahawa mpya katikati ya mji. Mtaa mzima ulikuwa na homa ya kufungua. Kushoto walikuwa wamefungua duka la simu, kulia nyumba ya wageni yenye vioo vingi kuliko vitanda, ng'ambo ya barabara saluni tatu zinazopigana vikumbo. Kila aliyefungua alikuwa na utepe, kipaza sauti na mgeni rasmi, na asiye na mgeni rasmi alionekana si mtu wa kuendewa. Mpishi, mwenye mgahawa, hakutaka kuonekana hivyo. Alikuwa amewapikia watu wengine miaka kumi na tisa, ameuza kiwanja chake ili apate majiko yake mwenyewe, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita.

Hiyo mimba ndiyo iliyokuwa roho yake. Mbili za kabla yake zilitoka, moja mwezi wa tano na nyingine mwezi wa saba, na safari hii daktari aliufunga mlango wa kizazi kwa uzi, akamkataza mama kunyanyua hata sufuria. "Ukifika mwezi wa tisa nitaufungua mimi mwenyewe," alisema. Tangu siku hiyo Mpishi alikuwa akiamka anamtazama mkewe tumbo kabla ya kumtazama uso.

Basi jua likazidi kuwaka. Waalikwa wakaanza kutazama saa, mpiga picha akaanza kukunja miguu ya kamera. Mshereheshaji alikuwa kaka wa mkewe, waliyemwita Spika kwa kuwa akishawashwa hazimiki. Alimsogelea Mpishi akamnong'oneza.

"Shemeji, huyu mtu haji. Simu yake imezimwa."

"Sasa tufanyeje? Tutaaibika mtaa mzima."

"Aibu ya nini? Niachie mimi."

Akashika kipaza sauti, akakohoa kidogo. "Mabibi na mabwana, naomba tusimame. Mgeni wetu rasmi ameshafika. Tumpokee kwa makofi."

Watu wakasimama, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemwona. Wakapiga makofi huku wakigeuza shingo. "Mheshimiwa," Spika akaendelea, akikinyooshea kile kiti kitupu mkono wa heshima, "tunakuomba, kwa ridhaa yako, utufungulie." Mpango wake ulikuwa Mpishi achukue mkasi, akate utepe chapuchapu, mambo yaishe. Mpishi akapeleka mkono kwenye sinia. Mkasi haukuwapo. Akasikia kwachu, na alipoinua macho utepe ulikuwa umelala chini vipande viwili, watu wanacheka na kusukumana kuingia kula. Alidhani shemeji yake ndiye aliyekata. Shemeji yake alidhani ni yeye.

Siku ya tatu asubuhi walikuta chupa zote za soda kwenye jokofu zimefunguliwa, na vizibo vyake vimepangwa mstari mmoja juu ya kaunta. Mpishi akamfokea mhudumu wake, mama mtu mzima waliyefanya naye kazi tangu zamani.

"Mimi nifungue chupa arobaini, ninywe na nani?" yule mama akamjibu, akaenda kuchukua dekio.

Siku ya tano mabomba yalikuwa yanamwaga. Siku ya saba makabati yote yalikuwa wazi, droo zimevutwa, magunia ya mchele yamefumuliwa uzi bila kukatwa, na koti jeupe la Mpishi, lililotundikwa msumarini, limefunguliwa vifungo vyote hadi cha mwisho. Mgahawa mzima ulinukia manukato makali ya mtu aliyetoka kuvaa suti, na chini ya manukato hayo kulikuwa na harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa. Walipiga deki kwa sabuni ya maji mara tatu. Harufu haikuhama.

Halafu ikaanza mchana kweupe, watu wakiwa mezani. Bwana mmoja alisimama kwenda kunawa akajikwaa, kamba za viatu vyake vyote viwili zikiwa zimelegea. Dada mmoja mkufu wake ulidondokea kwenye supu. Siku ya kwanza walicheka, siku ya pili wakatazamana, siku ya tatu hawakuja, na Mpishi akabaki anapunga nzi kwenye meza kumi na mbili zilizotandikwa.

Mkewe alikuja siku hiyo kumpa moyo. Alikuwa ametoka kusukwa asubuhi ile ile, mistari myembamba iliyonyooka hadi kisogoni. Alikaa kwenye meza ya pembeni, Mpishi akaingia jikoni kumtengenezea chai, na aliporudi na kikombe alisimama pale pale mlangoni. Nywele za mkewe zilikuwa zinafumuka. Msuko mmoja ulijiachia taratibu kutoka nchani hadi kwenye ngozi, ukatulia, ukafuata wa pili, na mkewe alikuwa amekaa wima hatikisiki, macho yamemtoka, mkono mmoja chini ya tumbo.

"Kuna mtu nyuma yangu?" akanong'ona.

"Hakuna mtu."

"Usinidanganye. Nasikia anapumua." Akabana magoti. "Mume wangu, kuna kitu kimeachia huku ndani. Kama fundo."

Daktari alimpima jioni hiyo hiyo, akakunja uso. Uzi haukuwa umekatika. Ulikuwa umefunguliwa. Akaufunga upya, akampumzisha wodini. Asubuhi akaukuta umefunguliwa tena. Akaufunga mara ya tatu, kisha akabaki anautazama mkono wake.

Mpishi alitoka pale hospitali akitembea bila kujua anakokwenda, na kila alipopita aliona vitu vikifunguliwa, mabango yakivuliwa vifuniko, vijana wakikata maboksi, mwenye duka jipya akivuta mlango wake wa chuma juu, na kila sauti ya kufunguka ilimchoma tumboni kana kwamba tumbo lile ni lake, kana kwamba hakuna kitu tena mjini humo kilichobaki kimefungwa isipokuwa fundo moja la uzi, nalo lilikuwa linalegea.

Yule mama mhudumu ndiye aliyempeleka kwa Mama Foleni, mganga aliyekaa ghorofani juu ya duka la viatu. Jina alilipata kwa benchi lake, ambalo halikuwahi kuwa tupu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na hakupoteza muda.

"Nani aliwafungulia?" akauliza.

"Hakuna, Mama. Mheshimiwa hakuja."

"Sikukuuliza nani hakuja."

Mpishi akaeleza yote, kiti, makofi, mkasi. Mama Foleni akavua miwani akajipangusa macho.

"Kila siku mnachimba misingi mtaa ule. Mnadhani mnawaamsha panya tu? Mmoja aliyeamka mmempa kiti, mmemsimamia, mmempigia makofi. Hata mimi ningekuja. Sasa huyo hana ubaya na nyinyi. Anafanya kazi mliyomwomba."

"Na mke wangu?"

"Mke wako si ana kitu kimefungwa?"

Mpishi akashika ukingo wa meza. "Nisaidie, Mama. Mbili zimeshatoka. Hii ikitoka, yule mwanamke hatanyanyuka tena, na mimi sitanyanyuka."

"Mkusanye wale wale, kwa heshima ile ile, mumwombe afunge. Mtajie kimoja kimoja, vitu vya mgahawa tu. Ukimaliza mshukuru, toka. Lakini akifunga, amefunga. Mlango ule hutauingia tena maisha yako."

Miaka kumi na tisa ilimpitia Mpishi kichwani, na majiko yake, na kiwanja kilichoondoka. Aliwaza muda wa kuvuta pumzi moja.

"Afunge," akasema.

Wakakusanyika kesho yake saa sita mchana, wale waliokubali kuja. Mkewe aliletwa kutoka wodini, kwa kuwa siku ile ya kufungua na yeye alisimama, akakalishwa karibu na mlango. Spika alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Naomba tusimame," akasema. "Tumpokee mgeni wetu rasmi."

Wakapiga makofi. Manukato yale yakaingia ghafla, makali ya kukwangua koo, na kile kiti cheupe kikalia chini ya uzito. Mpishi alitakiwa aseme mwenyewe. Akasema, "Mheshimiwa, tunaomba utufungie mabomba." Maji yakakatika. "Tunaomba utufungie madirisha." Yakajibamiza moja baada ya jingine kuzunguka ukumbi. Akataja jokofu, makabati, majiko, na kila alichokitaja kilijifunga, na alikuwa amebakiza mlango tu, mlango peke yake, aliposikia mkewe akiguna, akageuka akamwona ameinama hadi magotini, maji yanamtiririka miguuni, vifungo vya gauni lake vinaachia kimoja kimoja kuanzia shingoni kushuka chini kuelekea tumboni, na uso wake ukiwa uso ule ule wa mimba ya mwezi wa saba, mwaka juzi, uso ambao Mpishi aliapa hatauona tena, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Funga," akalia. "Funga kila kitu, Mheshimiwa. Funga vyote."

Vifungo vikaacha kuachia. Mkewe akanyanyuka polepole, akajishika. Maumivu yalikuwa yamekata, maji yamekata. Wakatoka wakikimbia, na nyuma yao mlango wa chuma ukashuka mpaka chini, kufuli likajibana. Pale barabarani mkewe akauchukua mkono wa Mpishi akauweka tumboni. Mtoto alikuwa anacheza. Walilia wote wawili mbele za watu, hawakuona haya.

Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita. Mwezi wa tisa daktari akaenda kuufungua mlango wa kizazi kama alivyoahidi, akakaa muda mrefu, akavua glovu.

"Sioni uzi," akamwambia Mpishi pembeni. "Wala sioni mlango."

Mwezi wa kumi wakapanga upasuaji. Mlango wa chumba cha upasuaji ukagoma, mafundi wakauhangaikia kutwa. Wakampeleka hospitali nyingine. Huko sanduku la vifaa halikufunguka, wala la pili, wala la tatu, na wauguzi wakaanza kumkwepa mgonjwa huyo. Wakamrudisha nyumbani. Mwezi wa kumi na moja hakuweza kulala chali, wala ubavu, wala kukaa. Siku hizo alikuwa haombi tena kwa Mungu, alikuwa anamwomba mumewe.

"Njoo usikilize," alimwambia asubuhi moja. Mpishi akaweka sikio. Mtoto hakuwa anapiga teke. Alikuwa anagonga, kwa adabu, kama mtu aliye mlangoni kwa watu: ko, ko. Kisha kimya kirefu.

"Jana aligonga mara tatu," mkewe akasema. "Juzi mara nne."

Mpishi akakimbia kwa Mama Foleni, akapita benchi zima bila salamu. Yule mganga alimsikiliza akiwa amesimama.

"Nilikwambia kimoja kimoja."

"Nilikosea, Mama. Nimwite afungue?"

"Usimwite. Yule ulimtoa kwa heshima zote. Mtu wa hivyo ukimrudisha, harudi kama mgeni." Akamsindikiza hadi mlangoni, jambo asilolifanya kwa mtu. "Mimi hapo sina dawa, baba. Nenda kakae na mkeo."

Hakwenda kukaa na mkewe. Alimpigia Spika simu, Spika akasikiliza, akasema kwa sauti ya mtu mgonjwa, "Shemeji, hapo sikufuati," akakata. Basi alikwenda peke yake, akasimama mbele ya mgahawa uliofungwa, saa tano asubuhi, watu wanampita na mifuko yao ya dukani. Akapiga makofi. Mikono miwili tu ilisikika kinyonge sana. Mtoto mmoja akamcheka, mama yake akamvuta.

"Mheshimiwa," akasema akiwa ameegemeza paji la uso kwenye chuma. "Sina kiti, sina watu. Ulichokifunga hapa baki nacho. Mwanangu anagonga na hakuna wa kumfungulia. Nakuomba, mfungulie. Hukutendewa haki kuitwa mgeni. Njoo uwe mwenyeji."

Hapakutokea kitu. Alisubiri mpaka miguu ikafa ganzi, akageuka kwenda nyumbani, na hatua ishirini mbele akakumbuka kwamba harufu ile, ambayo ilikuwa imeganda pale mlangoni miezi yote, haikuwapo tena.

Akakimbia. Alipofika chini ya ngazi za nyumba yao alisikia mtoto analia, kilio cha mtoto mzima mwenye mapafu, akapanda ngazi mbili mbili kwa furaha. Akashusha kitasa. Mlango haukufunguka. Akasukuma kwa bega.

"Mke wangu, ni mimi. Nifungulie."

"Amezaliwa," mkewe akasema kutoka ndani, sauti iko chini sana. "Wa kike. Mzima."

"Nifungulie basi nimwone."

"Siwezi. Nimemwomba anipe mwanangu nimnyonyeshe, hataki bado." Akanong'ona. "Anasema wewe piga hodi kwanza."

Mtoto alikuwa ameacha kulia, kama mtoto aliyepakatwa na mtu anayejua kupakata. Mpishi alisimama mbele ya mlango alioununua yeye, alioutia bawaba yeye, akainua mkono, akaushusha, akauinua tena.

"Hodi," akasema.

Sauti ya mwanamume, nzito na ya heshima, ikamjibu kutoka sebuleni kwake.

"Karibu, mgeni."