Sabufa ya Swaleh

Sabufa ilinguruma kabla haijaunganishwa na waya wowote. Zakia aliisikia, au tuseme aliihisi, maana haikuwa sauti ya kuingia masikioni. Ilimpanda kutoka nyayoni, ikapita magotini, ikatua tumboni na kunyamaza. Alikuwa amesimama dukani kwa Deusdedit, fundi wa redio za magari pale Kahama, mkono wake umeegemea boksi la mbao. Akautoa upesi.

"Umesikia?" akamwuliza mumewe.

"Nini?"

"Hili boksi limenguruma."

"Ni lori limepita barabarani, Mama Yasmini." Swaleh hata hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa, anakagua sabufa nyingine.

Zakia akatazama barabarani. Hakukuwa na lori.

Swaleh alikuwa mtangazaji wa mtaani. Kuanzia Runzewe hadi kambi za wachimbaji huko njia ya Bulyanhulu, watu waliijua kirikuu yake, kigari cha mizigo chenye honi mbili juu ya paa, na zaidi ya kirikuu waliijua sauti yake. Alitangaza minada, maduka mapya, maulidi, mikutano ya injili, hata mbuzi aliyepotea. Akitangaza msiba, akina mama walianza kulia kabla hawajajua ni nani aliyekufa. Sauti hiyo ndiyo iliyomposa Zakia, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Lakini mwaka huo alikuja George na gari lenye besi nzito, na vijana wakawa wanalifuata wakicheza. Wenye maduka wakahamia kwake mmoja mmoja. "Honi zinapiga kelele tu," Swaleh alisema. "Haziiti mtu. Inatakiwa sabufa."

Ndiyo maana walikuwa Kahama. Deusdedit aliwawekea sabufa tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya inchi kumi na mbili, na boksi lake lilikuwa kubwa kama kabati.

"Sasa mimi na mtoto tukae wapi?" Zakia akauliza.

"Na betri ya kirikuu haiiwezi hiyo," Deusdedit akakiri mwenyewe. "Ikifika adhuhuri gari halitawaka tena."

Ya pili ilikuwa mpya, bapa, ya kusukumwa chini ya kiti, amplifaya imo humohumo ndani. Zakia aliipenda. Deusdedit alipoiwasha ikalia kama debe tupu. Swaleh akakunja uso, na alipotajiwa bei akaukunja zaidi.

Ya tatu ndiyo ile iliyonguruma. Ilikuwa ya mtumba, ya inchi nane, sumaku nene, boksi la mbao nzito lililochubuka pembe zote. Udongo mwekundu ulikuwa umejikita kwenye nyufa. Deusdedit alipoiwasha, misumari ilicheza ndani ya mikebe yake, na uso wa Swaleh ukafunguka kama wa mtu aliyeona ndugu yake.

"Inakula umeme kidogo, inatoa besi ya sabufa kubwa," fundi alisema. "Kwa gari dogo kama lenu hamtapata nyingine."

"Mbona unaiuza rahisi hivyo?" Zakia akauliza. "Ilitoka wapi?"

"Machimboni, mayu." Deusdedit alikuwa Msukuma, na kila mwanamke kwake alikuwa mayu, yaani mama. "Mwenyewe haihitaji tena."

Zakia akamvuta mumewe pembeni. "Baba Yasmini, tungoje kidogo tununue ile mpya. Hii moyo wangu unaikataa."

"Tukingoja, George atachukua hata wateja wa misiba." Swaleh alicheka, akamshika bega. "Ni spika tu, mke wangu."

Wakaifunga chini ya kiti siku hiyohiyo.

Mwanzoni ilikuwa neema. Kirikuu ilipoingia kambini, wachimbaji walitoka kwenye mashimo na kuja kusikiliza, vumbi limewajaa kope. Wenye maduka wakarudi. Zakia alikaa kando ya mumewe kama kawaida, Yasmini katikati yao akichezesha miguu.

Jambo lililomsumbua Zakia lilikuwa udongo. Kila asubuhi aliifuta sabufa, na asubuhi iliyofuata aliikuta na udongo mwekundu usoni, mbichi, wenye unyevu, ingawa ilikuwa kiangazi na barabara zote zilikuwa kavu kama mfupa. Udongo ule ulinuka chini ya ardhi. Ulinuka baruti na jasho la watu waliofungiwa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Kisha sauti ya Swaleh ikaanza kushuka.

Watu waliisifu kwanza. "Sauti imenona, bwana!" Ikashuka zaidi. Wateja wakalalamika kuwa hawaelewi anatangaza nini, wanasikia mngurumo tu. Jioni moja aliingia nyumbani akatoa salamu, na vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Katika kituo cha afya walimmulika koo, wakampima kifua, wakasema hana ugonjwa wowote, apumzike. Alipumzika. Sauti ikaendelea kushuka kama ndoo iliyokatikiwa na kamba kisimani, hadi akawa anasogeza midomo na hakuna kinachosikika. Yasmini ndiye aliyegundua namna ya kumwelewa: alimwekea baba yake kiganja kifuani na kukisoma kile kilichokuwa kikitetema humo.

"Baba anasema anaogopa," mtoto akamwambia mama yake.

Mchana mmoja walisimama nje ya kambi ili Swaleh anywe maji kwenye bomba. Redio ilikuwa imezimwa. Zakia alibaki ndani ya gari, jua la saa saba linachoma bati, na ndipo alipoisikia kutoka chini ya kiti sauti ya mumewe, ile sauti yake ya zamani, safi, ikitangaza msiba, ikitaja majina ya wanaume ambao Zakia hakuwahi kuwajua, jina baada ya jina, na nyuma ya sauti hiyo kukawa na sauti nyingine nyingi, za chini, zinazoitikia kila jina kwa zamu kama watoto wanaoitwa darasani, na alipoinua macho alimwona Swaleh amesimama palepale bombani, mgongo wake umelowa jasho, mdomo wake umefumbwa. Akazitafuta nyaya. Akazing'oa zote. Sauti iliendelea.

Swaleh alirudi, akasimama mlangoni, akasikia sauti yake mwenyewe. Alikaa chini kwenye vumbi, akalia bila mlio.

Wakairudisha sabufa Kahama. Deusdedit alipoiona kirikuu inaegeshwa, alianza kushusha mlango wa duka. Zakia akaweka mguu kuuzuia.

"Fundi, niambie ukweli. Hiki kitu kilikuwa wapi?"

"Mama, nakuomba ondoka nacho."

"Nitaondoka ukiniambia."

Deusdedit akaangalia huku na huku, akapunguza sauti. "Walikuwa wameifunga mdomoni mwa duara." Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. "Waliokuwa chini walitaka muziki. Besi inafika mbali ndani ya mwamba. Siku moja duara likaporomoka, likajifunga. Watu hawakufikiwa. Jenereta ilikuwa imezimika, mayu, lakini sabufa ilizungumza siku nzima. Kwa sauti za waliokuwa chini. Waliita wake zao, waliita watoto. Halafu waliacha kuita kwa sauti za watu."

"Na ukatuuzia."

"Ningewaambia, mngenunua?"

"Ichukue basi. Sitaki unirudishie kitu."

"Yaya," akasema, na hiyo kwa Kisukuma ni hapana isiyo na mjadala. Akashusha mlango hadi chini, na wakasikia kufuli.

Njiani walisimama porini, Swaleh akaibeba, akaitupa bondeni. Hakufika hata kwenye gari. Alianguka, akishika koo, midomo ikabadilika rangi, na Zakia alijua bila kuambiwa. Alishuka bondeni mwenyewe, akaikumbatia kama mtu anayebeba maiti ya mtoto, akairudisha karibu naye. Swaleh akavuta pumzi.

Ustadhi Abdulshakur aliitwa nyumbani kwao, akaja baada ya alasiri. Alikuwa mzee mpole aliyekuwa akisomesha watoto msikitini, na hakupenda habari za majini, lakini alimpenda Swaleh. Yasmini akapelekwa kwa jirani. Sabufa ikawekwa juu ya mkeka, bila waya, bila betri. Swaleh akakaa mbele yake.

Ustadhi akasoma Ayatul Kursiy, mkono wake uko juu ya kichwa cha Swaleh. Harufu ikaja kwanza: udongo mbichi, baruti. Kisha chumba kikapoa, ingawa jua lilikuwa bado linaingia dirishani. Ustadhi hakusita. Akasoma tena, na tena, na kiwambo cha sabufa kikaanza kupanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Nani wewe?" Ustadhi akauliza.

"Nilikuwa chini kabla hawajachimba," sabufa ikajibu kwa sauti ya Swaleh, ile ya zamani, tamu kama asali, na Zakia akabana mdomo kwa kanga asipige kelele. "Sikuwahi kumgusa mtu. Wao ndio waliniletea sauti. Sasa nimezoea kusema."

"Mrudishie mja wa Mungu sauti yake. Kisha toka."

"Kutoka nitatoka."

"Mrudishie!"

Ikacheka, kicheko cha Swaleh, kilekile alichocheka dukani alipomshika bega mkewe. Ustadhi akapaza sauti, jasho likimchuruzika ndevuni, akasoma bila kupumzika, na mngurumo ukaanza kupanda kutoka sakafuni, ukaingia kwenye kuta, kwenye sufuria, kwenye meno ya Zakia, ukazidi hadi bati za paa zikagongana na vumbi likamwagika kutoka kwenye dari, na Swaleh akatoa macho huku mishipa ya shingo ikimsimama na mikono yake ikikwangua hewa kama mtu anayefukua kifusi kutoka upande wa ndani, na Zakia alitaka kumshika lakini mikono yake mwenyewe haikumtii, alikuwa amekaa tu, anaangalia, anaangalia, hadi kiwambo kikapasuka na matope mekundu yakamwagika mkekani.

Kimya.

Ustadhi akaligusa boksi kwa kidole. Akalipasua kwa shoka, akalichoma uani hadi likawa majivu. Swaleh alikuwa anahema vizuri. Koo halikumbana tena. Akamgeukia mkewe, akafungua mdomo kumwita.

Hakikutoka kitu. Zakia akaweka kiganja kifuani kwake. Mle ndani hapakuwa na hata mtetemo.

"Ametoka," Ustadhi alisema, bila kuwatazama. "Lakini hakutoka mikono mitupu. Nisameheni, wanangu. Nimefika mwisho wa ninachokijua."

Honi zikateremshwa. Kirikuu ikaanza kubeba magunia ya mahindi na mkaa. Swaleh aliendesha, akapakia, akashusha, na watu waliomsalimu aliwajibu kwa kuinua mkono. Zakia alijiambia kwamba angalau mume yupo. Wapo wanawake ambao waume zao wako chini ya mwamba.

Kisha, alasiri moja, Zakia alikuwa barazani anachambua mchele, Swaleh amekaa mlangoni anashona gunia, Yasmini anachora ardhini kwa kijiti. Gari la George likapita likitangaza duka la magodoro, muziki umefunguliwa. Na chini ya muziki, chini ya besi yenyewe, ikaja sauti nene yenye upole.

"Yasmini. Njoo, mwanangu."

Mtoto akatupa kijiti. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Zakia hakuwa ameiona tangu kiangazi.

"Baba ananiita!" akapiga kelele, akatimua mbio kuelekea barabarani.

Baba yake alikuwa nyuma yake. Alikuwa amesimama, gunia limemdondoka, mdomo umefunguka wote, akimwita mtoto kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichotoka. Zakia ndiye aliyekimbia. Alimdaka gauni ukingoni mwa lami, lori la mawe likipita kwa kishindo mbele ya nyuso zao.

George akafunga breki, akatoa kichwa dirishani. "Shemeji, vipi? Kuna nini?"

"Zima!" Zakia akalia. "Zima hiyo redio, George, nakuomba!"

George akazima, akabaki anamshangaa. Mtaa ukatulia. Zakia akamkumbatia mwanawe, Swaleh akawafikia na kuwazungushia mikono wote wawili.

Ng'ambo ya barabara, ndani ya baa, mtu akafungulia muziki.

"Yasmini," ikaita sauti ya Swaleh, bila haraka.

Na mtoto akaanza kujinasua mikononi mwao.