Jambo la Saba

Mji ule mdogo wa kaskazini ulikuwa na mchora mabango mmoja tu, mwanamke mwenye mdomo mkali na mkono mtulivu. Kinyozi, duka la dawa, hata onyo la mlango wa choo cha stendi, vyote viliandikwa na yeye. Hakuwa mtu wa kutishika ovyo, na ndiyo maana mimi haya nayaamini.

Asubuhi moja meneja wa mgodi alimpa karatasi. Wageni wakubwa wangefika saa nane mchana, na kwenye ukuta wa mawe wa ofisi lilikuwa limeshafungwa bati jeupe. Kichwa chake kilikuwa: Mambo Saba ya Kuvutia Kuhusu Mji Wetu.

Akaandika huku akicheka peke yake. Kilima cha magharibi hakikuwapo bibi zetu walipozaliwa. Ni kifusi kilichotoka chini. Hapa mtu hahitaji saa, king'ora cha mgodi kinatosha. Chini ya mji kuna njia nyingi kuliko juu. Yote kweli tupu. Akafika la saba.

Tangu mgodi ufunguliwe, hajafa mtu ndani yake hata mmoja.

Brashi ikasimama. Miaka kumi na moja nyuma, kaka yake, aliyekatwa kidole cha mwisho na mashine ya kutobolea mwamba, aliingia shimoni na wenzake watano. Mwamba ukaporomoka. Kwa siku mbili mabomba yaligongwa kutoka chini, mara tatu, mara tatu, ndivyo wachimbaji wanavyosema tupo. Siku ya tatu kampuni ikamimina zege, ikatangaza kwamba wale sita wametoroka kazi. Mama yake mchora mabango alikufa bila kuonyeshwa kaburi la mwanawe.

"Hili siandiki," alimwambia meneja.

"Dada yangu, ni mstari mmoja tu."

"Basi uandike wewe. Mimi simfukii kaka yangu mara ya pili."

"Hutapata tena kazi mji huu."

"Ningesema nitapaka rangi majeneza, lakini naona kwenu hayahitajiki."

Meneja akanyakua brashi, akaandika mwenyewe, herufi zikapinda kama zimelewa. Mchora mabango hakuondoka. Alikaa juu ya ndoo ya rangi. Wageni wakija, wangesikia ukweli kwake.

Saa saba jua lilikuwa kali. Mistari sita ilikuwa imekauka. Wa saba ulikuwa mbichi. Meneja akaufuta, akaandika tena. Rangi ikaanza kutoa maji yenye harufu ya shimoni.

Ndipo bati likagongwa. Mara tatu. Kwa ndani.

"Nani yuko huko nyuma?" meneja alinong'ona.

"Huko ni mawe matupu. Ukuta uliujenga wewe."

Mara tatu tena.

Mchora mabango aliogopa. Lakini alisogea, akaweka kiganja kwenye bati. Jua lote lile, na bati lilikuwa baridi.

"Kaka," alinong'ona. "Ni wewe?"

Kisha pigo moja, chini ya kiganja chake.

Gari la wageni liliingia getini. Meneja alimshika mkono. "Ondoka, nakuomba."

"Wale sita hawakuruhusiwa kuondoka. Na mimi siondoki."

Akaufuta ule mstari kwa kitambaa, akachovya brashi. Akaandika kwamba mwaka ule watu sita walizikwa hai hapa, kisha majina yao yote, la kaka yake mwisho. Kila herufi ilikauka brashi ilipoiacha. Wageni walishuka, wakasoma. Mmoja alivua kofia.

Kesho yake kampuni ilituma mafundi waling'oe bati. Walikuta limevimba kwa mbele, limesukumwa kutoka ukutani, umbo la viganja vya watu. Ukuta nyuma yake haukuwa na ufa hata wa kupitisha unywele. Kiganja kimoja kilikuwa na vidole vinne.

Wakavihesabu viganja, wakavihesabu tena. Vilikuwa saba.

Mchora mabango alilibeba bati lile nyumbani kwake, na aliyetumwa kulidai alirudi mikono mitupu. Kiganja cha saba ni kidogo, cha kike, kina alama ya pete, na kimekilalia kile cha vidole vinne. Pete hiyo aliijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvisha mama yake siku ya kumzika.