Mama wa Kwenye Televisheni

Scovia alikuwa mkamuaji wa mawese Kigwena, karibu na Rumonge. Kila jioni alirudi nyumbani na mikono myekundu. Binti yake Elda alikuwa mbele ya televisheni.

"Afadhali, hachezi barabarani," Scovia alijisemea.

Siku moja Elda alisahau chakula chake. Scovia akaacha kazi, akampelekea shuleni. Pale mlangoni msichana mmoja alimkazia macho.

"Elda, huyu ni nani?"

"Iko mufanyakazi wetu wa nyumbani," Elda alijibu.

Scovia alipigwa na butwaa. Akaweka bakuli chini, akaondoka. Mtoto aliyembeba mgongoni waliporudi kutoka ukimbizini Tanzania!

Jioni alimuuliza, "Mimi ni mufanyakazi wako?"

Elda aliinama. "Ku matangazo ya televisheni wanasema mama wa kweli ananukia maua. Weye unanuka mawese. Nilisikia aibu."

Scovia aliinua mkono ampige. Mkono ukabaki hewani. Akakimbilia kwa jirani yake, mwalimu Clotilda.

"Amahoro, Mama Elda. Iko nini?"

"Mutoto wangu amenikana!"

Clotilda alimsikiliza hadi mwisho. "Usimupige. Anaamini tangazo kwa sababu anatazama peke yake. Twende tutazame naye."

Wakaketi watatu. Likaja tangazo la sabuni: mama mwenye gauni jeupe akiwakumbatia watoto.

"Elda, hao ni watoto wake?" Clotilda aliuliza.

"Ndiyo."

"Hapana. Wote wanalipwa waigize. Tangazo likiisha, kila mutu anaenda kwao. Sasa, wanataka nini kwetu?"

Elda alifikiri. "Tununue sabuni."

"Basi. Sabuni inafua nguo. Haiwezi kukuambia mama yako ni nani. Wanajua mwenye aibu ananunua upesi."

Elda alitoa macho, kisha akalia. "Mama, unisamehe."

Tangu siku hiyo Scovia hakumwacha Elda peke yake na televisheni. Kila tangazo waliuliza: nani anasema, na anataka nini?

Jumamosi moja Elda alikuja mahali pa kukamulia mawese na yule msichana wa shuleni, Anita.

"Huyu ndiye mama yangu," alisema kwa sauti. "Nilikudanganya."

Anita aliitazama mikono myekundu ya Scovia. "Mama yangu anaanika samaki kule Magara, kando ya ziwa," akanong'ona. "Mimi shuleni nilisema amekufa."

 Scovia akafuta mikono, akamshika Anita bega.

"Twende kwa mama yako," alisema. "Sote watatu, sasa hivi."