Makasi Hatatorokwa Tena

Kila asubuhi Restituta alifagia uwanja, akachota maji, kisha akamwekea Makasi ugali na dagaa katika jiko la uani. Mbwa alipoinamia sahani tu, Restituta alivua viatu, akanyata hadi nje na kufunga mlango taratibu. Akiwa darasa la sita, alijiona hodari sana kwa ujanja huo.

Mwaka huo wa 1997, boti zilikuwa zikishusha wakimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa karibu kila siku. Makasi alifika mtaani Bangwe ndani ya boti moja pamoja na mwenye mbwa, mvulana Leonardi, na mama yake, wakakaa kwa akina Restituta kwa wiki moja. Lori la kuwapeleka kambini lilipofika, wakaambiwa halichukui wanyama. Hebu fikiria! Mtoto amepoteza nyumba na shule, halafu anaambiwa aache na mbwa wake. Wakamfungia Makasi jikoni akila, wakaondoka kimyakimya.

"Umuchunge muzuri," Leonardi alimwambia Restituta huku analia. Restituta akaahidi.

Lakini kila alipokwenda shuleni, Makasi alilia na kukwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Siku moja akauvunja, akakimbilia ufukweni alikoshushwa na boti. Njiani akapita juu ya dagaa wa Mama Ikram, jirani yao, waliokuwa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu.

Restituta alirudi kutoka shuleni akakuta watu wamejaa uwanjani, wamemzunguka Makasi aliyerudishwa kwa kamba.

"Dagaa wa kupeleka sokoni Katonga kesho! Tazama, mchanga mtupu!" Mama Ikram alifoka. "Mbwa wa wakimbizi huyu! Ameletwa na vita, arudi na vita!"

Mjumbe wa mtaa, Mzee Abdulmajid, alikunja kanzu yake isiguswe na mbwa. Akamgeukia baba yake Restituta, Bwana Walter, aliyekuwa bwana mifugo.

"Nakupa wiki mbili. Akitoka tena, nitamwita mwenye bunduki."

"Mzee, shikamoo, lakini hiyo si haki!" Restituta alipiga kelele. "Angekuwa mbwa wa mkubwa fulani mngesema hivyo?"

"Restituta!" baba alimkemea. Palepale akamwomba radhi Mama Ikram, akaahidi kumlipa. Restituta alikwenda kulala bila kula kwa hasira. Ama kweli watu hawana huruma!

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Akiwa uwanjani, alimwona Mama Ikram akimpa mwanawe mdogo kipande cha muhogo, kisha akainama nyuma ya ukuta na kuondoka mbiombio kwenda sokoni. Ikram alipoinua macho asimwone mama yake, alilia kwa kilio cha kukata maini, hata shangazi yake akashindwa kumbembeleza.

Restituta alimkimbilia Mama Ikram barabarani. "Mama Ikram, mbona unamtoroka mtoto? Unamdanganya kwa chakula! Si umuage tu?"

Mama Ikram aliweka mikono kiunoni. "We mtoto, adabu yako iko wapi? Na wewe mbona kila asubuhi nakuona umebeba viatu mkononi?"

Restituta aligeuka. Alirudi nyumbani polepole, akamweleza baba yake kila kitu, bila kuficha hata ule ujanja wa sahani.

"Kumbe!" alisema Bwana Walter. "Leonardi alimwacha akila. Nawe kila siku unamwacha akila. Unadhani akiona sahani anafikiri nini?"

"Kwamba anaachwa," Restituta alijibu, machozi yakimlengalenga. "Nimemlaumu kila mtu, kumbe ni mimi!"

"Basi, futa machozi tufanye kazi."

Kwa wiki mbili baba alikwenda kazini na Makasi, asibaki peke yake. Jioni Restituta alitandika sweta lake la zamani jikoni, akasema, "Baki, narudi," akatoka mbele ya macho yake na kurudi kabla hajaanza kulia. Mwanzo alihesabu mpaka kumi tu. Kisha akafika bombani, halafu dukani. Siku ya sita aliharakisha mazoezi, akakaa mno kwa rafiki yake, Makasi akabweka mtaa mzima ukasikia. Restituta aliona uchungu, akaanza tena kuhesabu kumi.

Siku ya mwisho ilipofika, Mzee Abdulmajid alikuja na kiti chake, akaketi uwanjani. Mama Ikram naye alisimama karibu na dagaa wake, ufagio mkononi.

Restituta alivaa viatu palepale mlangoni. "Baki, Makasi. Narudi."

Mbwa alinung'unika, akazunguka mara tatu, akalala juu ya sweta. Restituta aliporudi kutoka shuleni saa nane mchana, Mzee Abdulmajid bado alikuwa pale, anasinzia.

"Hakutoka," alisema mzee. "Mwenye bunduki abaki kwake."

Bwana Walter alimshika binti yake bega. "Aliyewahi kuachwa huona kila mlango ni wa kuachwa. Usimtoroke. Muage, kisha urudi kama ulivyosema. Ukiwa na hasira kwa ajili ya mnyonge, jichunguze na wewe unamtendea nini."

Mama Ikram alisikia, akarudi kugeuza dagaa wake. Asubuhi iliyofuata alichuchumaa mbele ya mwanawe, kapu likiwa kichwani.

"Ikram, mama anakwenda Katonga," alisema. "Narudi."